Kabati Lililokwama Ngazini: kisa cha familia moja na samani za kale

Kisa hiki ni cha familia niliyofanya nayo kazi kwa miezi 14. Majina, mahali na bei nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kisimuliwe. Kazi yangu ni kutengeneza samani za kale na kuwashauri watu wanaotaka kuziingiza majumbani mwao. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kosa ninalokutana nalo katika kazi hii, na moja kati ya hayo ni langu mwenyewe.

## Usuli

Nyumba ilikuwa ya ghorofa ya 3, mpya, na ndani waliishi mume, mke, watoto wawili (mkubwa miaka 9, mdogo 4) na mama mzazi wa mke, ambaye wote walimwita Bibi. Kuta zilikuwa nyeupe, sakafu ya vigae vya kijivu, madirisha mapana. Samani walizinunua zote kwa mkupuo mmoja, za mtindo mmoja na rangi moja, wiki ile ile waliyohamia.

Miezi michache baadaye mke alianza kuona kuna kitu kimepungua. Nilipomuuliza ni nini, alinijibu hivi: "Kila kitu kipo, fundi. Lakini nikikaa sebuleni naona kama nasubiri kuitwa ndani."

Nilimwelewa mara moja. Chumba ambacho vitu vyake vyote vimezaliwa siku moja hakina cha kukisimulia. Wazo lao lilikuwa zuri: watafute kitu cha kale, chenye miaka yake, kikae katikati ya vile vipya. Ila walikuwa wameshaanza kulitekeleza kabla ya kunipigia simu.

## Simu kutoka ngazini

Walikuwa wamenunua kabati la nguo kwenye mnada wa mtandaoni, kwa kuangalia picha tatu. Kimo chake kilikuwa mita 2.3, upana mita 1.6, milango miwili, na juu taji lenye nakshi za majani. Siku lilipofika, vijana wa kubeba walilipandisha mpaka kona ya pili ya ngazi, na hapo likagoma. Haliendi juu, halirudi chini.

Mke ndiye aliyepiga simu. "Fundi, wameshaleta msumeno. Wanasema wakate taji na miguu."

Nilimwomba asimruhusu mtu yeyote akate chochote, na mtu mmoja aingize kichwa ndani ya kabati akiwa na tochi, aangalie pembe za juu kwa ndani. Aliingia mumewe. Nilimsikia akisema, sauti yake ikivuma humo ndani kama yuko mtungini: "Kuna vipande vya mbao vimechomekwa kwenye matundu. Vinne. Hapana, sita."

Zilikuwa kabari. Makabati mengi makubwa ya kale yalitengenezwa ili yafunguliwe na kuunganishwa tena, kwa sababu ngazi nyembamba hazikuanza leo. Taji hunyanyuliwa tu, halijagongomewa. Kabari ukizigonga kutoka upande wake mwembamba hutoka, na hapo mbavu huachana na kitako, mgongo nao ukafunguka. Niliwaelekeza kwa simu, watumie nyundo na kipande cha mbao laini cha kukinga pigo. Kwa dakika 40 kabati lilikuwa vipande 8, na kila kipande kilipanda ngazi mikononi mwa watu wawili bila taabu.

Kesho yake nilikwenda kuliunganisha, na hapo ndipo nilipoona jambo la pili. Kabati lililofunguliwa halifichi kitu. Mbao za ndani ya kiwiliwili zilikuwa na alama za msumeno zilizonyooka, zimelala kidogo upande, na nafasi kati ya mstari na mstari haikulingana. Hizo ni alama za msumeno wa mkono. Mbao za kitako zilikuwa na alama za upinde, kama sehemu ya duara kubwa. Hizo huachwa na msumeno wa mviringo, ambao viwanda vya mbao vilianza kuutumia kwa wingi katika karne ya 19. Isitoshe, kitako kilikuwa na matundu ya skrubu yasiyokutana na kitu chochote juu yake. Kiwiliwili kilikuwa na ukoo wake na kitako kilikuwa na wake. Mtu fulani, wakati fulani, alichukua kabati lililooza chini akalivalisha kitako cha kabati jingine.

Kufanya hivyo si kosa, ila mnunuzi aambiwe. Tangazo la mnada halikusema neno. Picha zote tatu zilikuwa za mbele.

Na baada ya yote hayo, kabati liliposimama chumbani, mlango wake wa kushoto ulifunguka nusu tu ukagonga kitanda.

## Uamuzi wa kuliuza

Walikaa nalo miezi mitano. Mume alikuwa amelipenda kwa dhati, na sikutaka kumharakisha. Mwishowe walikubaliana liondoke, na likazuka swali la nini kiandikwe kwenye tangazo. Mume alisema: "Wao hawakutuambia. Sisi tuwaambie kwa nini?" Sikujibu, kwa sababu halikuwa kabati langu. Mkewe ndiye aliyeandika tangazo, na sentensi ya kwanza ilikuwa kuhusu kitako. Walipata pungufu ya walichotoa. Aliyelinunua alikuja na vipimo vya chumba chake kwenye karatasi na akalichukua akiwa ameridhika.

## Kuanza upya, safari hii kwa utaratibu

Kabla ya kwenda kuangalia kitu kingine chochote, tulikaa mezani tukaulizana swali ambalo watu huliruka: kitu hicho kitafanya kazi gani? Si "tunataka kitu cha kale". Mashuka ya ziada, vitambaa vya meza, karatasi za shule na dawa za Bibi vyote vilikuwa kwenye masanduku ya plastiki nyuma ya kochi. Basi nyumba ilikuwa inahitaji kabati la droo, na mahali pake palikuwa ukuta mrefu unaotazamana na kochi.

Halafu tukapima. Tulibandika magazeti sakafuni kwa umbo la kabati la upana wa sentimita 110 na kina cha sentimita 60, na nikawaomba waishi na magazeti hayo wiki nzima. Siku ya tatu Bibi alilalamika kwamba kila akielekea dirishani anayakanyaga. Tukapunguza kina hadi sentimita 50, na malalamiko yakaisha. Zoezi hili la magazeti halina gharama yoyote, na limewaokoa wateja wangu kuliko ushauri wowote niliowahi kutoa. Tulipima pia kona ya ngazi, mlango wa mbele na mlango wa sebule, tukaandika kipimo kidogo kuliko vyote kwenye kikaratasi ambacho mke alikiweka kwenye pochi yake.

Jambo la tatu tulilopatana lilileta ubishi kidogo. Mimi nilishauri kitu kimoja kikubwa cha kale kwa chumba kimoja, basi. Mke alitaka viwili au vitatu. Hoja yangu ilikuwa kwamba kitu cha kale husema kikiwa kimezungukwa na utulivu. Ukiweka vitatu vyenye nakshi na vivuli vyao ukuta mmoja, vinazibiana sauti, na sebule inageuka ghala la mfanyabiashara. Alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba viti vya meza ya chakula vihesabiwe kando.

Kuhusu rangi, aliuliza kama mbao ifanane na sakafu. Sakafu ya kijivu haina cha kufanana na mbao, na hilo ni jema. Pasipotafutwa mfanano, macho hukubali tofauti. Kinachokera ni mbao mbili zinazokaribiana bila kufikiana, kama nguo nyeusi mbili zilizofuliwa mara tofauti.

## Vitu 11

Utafutaji ulichukua miezi minne na tuliangalia vitu 11. Vingi tuliviacha mlangoni, lakini vitatu vinafaa kutajwa.

Kulikuwa na kimeza cha duara kilichosemwa kuwa cha miaka 200. Mbao husinyaa kukata nyuzi zake, lakini kufuata urefu wa nyuzi karibu haisinyai kabisa. Kwa hiyo meza ya duara ya mbao tupu iliyoishi karne mbili haibaki duara kamili: ukiipima kwa kufuata nyuzi na ukiipima kwa kuzikata, hupishana kwa milimita kadhaa. Tulikipima hiki pande zote mbili, vipimo vikalingana kabisa. Tukashukuru tukaondoka.

Cha pili kilikuwa kisanduku cha mbao ya rozwudi ya Brazili, kizuri kwelikweli, lakini muuzaji alikuwa nchi nyingine. Mti huo, Dalbergia nigra, uko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu 1992, maana yake kuuvusha mpaka kibiashara kumefungwa isipokuwa kwa vibali maalumu vinavyothibitisha umri wa kitu. Muuzaji hakuwa na karatasi yoyote.

Cha tatu kilikuwa kasha lililopakwa rangi ya buluu iliyobabuka, ambalo mke alilitaka kwa ajili ya vitu vya kuchezea vya mtoto mdogo. Hapo nilikuwa mkali. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, nchi nyingine kabla au baada ya hapo. Ubabukaji ule ambao mtu mzima anauona una mvuto, mtoto wa miaka minne anautia mdomoni. Kama ingekuwa nyumba isiyo na mtoto, na rangi imefungwa kwa tabaka jipya, ningesema jambo jingine.

## Kabati la droo

Cha 9 ndicho tulichokinunua. Droo nne, mbavu za mbao ngumu ya mwaloni, ndani ya droo mbao ya msonobari. Muuzaji alilitaja kuwa na zaidi ya miaka 250.

Mke alienda moja kwa moja mbele yake akaanza kupapasa uso. Nilimwomba asimame kando nami, tuvute droo ya juu yote nje na kuigeuza chini juu. Uso wa kabati ndio sehemu ambayo kila mwenye nalo ameigusa, ameing'arisha, ameibadilisha. Tumbo la droo hakuna aliyejishughulisha nalo, ndiyo maana huelekea kusema kweli.

Pembe ya droo iliunganishwa kwa meno ya mkia wa njiwa, yaani meno yanayopanuka mwishoni na kuumana. Mikia ilikuwa mitatu na haikulingana: wa kwanza mpana kama kidole gumba, wa pili mwembamba kidogo, wa tatu ulikuwa umepinda kushoto kwa upana wa ukucha. Nyuma ya meno kulikuwa na mstari mwembamba uliokwaruzwa mbaoni, ule ambao seremala huuchora ajue patasi iishie wapi. Mashine hutoa meno yanayolingana kama ya kitana. Haya yalichongwa kwa mkono, na kwa sekunde chache nilimwona mtu yule, alivyokosea mkia wa tatu na hakuurudia.

Chini ya droo, kingo za mbao zilikuwa zimelika kwa kuburuzwa, upande wa kulia zaidi ya kushoto. Ulikaji usiolingana ni dalili njema. Anayeghushi uzee huzeesha pande zote sawasawa. Ubavu wa kabati ulikuwa na ufa mrefu, kwa sababu mbao ilitaka kusinyaa na misumari ya reli za droo ikaizuia. Muuzaji aliuonyesha ufa ule kwa kuomba radhi. Mimi ulinifurahisha.

Lakini umri haukuwa ule. Skrubu nne za kitasa zilikuwa za asili: zote za aina moja, na chini ya bamba la kitasa hapakuwa na matundu mengine. Ncha zake zilikuwa kali. Skrubu zenye ncha kali zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1840. Kabla ya hapo zilikuwa butu mwishoni. Mbao za mgongo nazo zilikuwa na alama za upinde. Skrubu peke yake haitoshi, kwa kuwa hubadilishwa, lakini ushahidi wa aina mbili tofauti ukielekea upande mmoja, unausikiliza. Nikamwambia muuzaji kwa heshima kwamba naliona ni la nusu ya pili ya karne ya 19, na kwamba meno ya mkono hayapingani na hilo, maana maseremala wengi waliendelea kuyachonga hivyo muda mrefu baada ya mashine kuja. Alibisha kidogo, akavuta droo mwenyewe, akaangalia, akakubali. Bei ilishuka kufuata umri.

Vishikio navyo havikuwa vya kwanza. Kwa ndani kulikuwa na matundu ya zamani yaliyozibwa, na kwa nje kivuli cha vishikio vikubwa zaidi. Hilo ni la kawaida na halikunisumbua.

Jambo nililolikosa alilipata Bibi. Tulikuwa tumemleta kwa sababu dawa zake zingekaa humo. Aliketi kwenye kiti cha muuzaji, akaomba apewe droo ya chini, akainamisha uso ndani yake na kuvuta pumzi. "Mwanangu," aliniambia, "hii imekaa kwenye maji." Nilinusa. Ilikuwa harufu ya uvundo, nyepesi lakini ipo. Tuliinamisha kabati tukakuta miguu miwili ya nyuma imelainika kwa chini, kama sentimita mbili, mbao ikikubali ukucha. Lilisimama kwenye sakafu yenye unyevu kwa miaka. Bei ikashuka tena, na tukalichukua.

Karakanani kwangu nilitoa droo zote, nikaliacha kivulini penye upepo wiki mbili, nikakata sehemu iliyooza miguuni na kuunga mbao mpya. Viungo vilivyolegea nilivirudishia gundi ya ngozi, ile inayoachia kwa joto na maji. Atakayelitengeneza baada yangu ataweza kuvifungua bila kuvivunja.

## Viti, na kosa langu

Miezi miwili baadaye walipata viti sita vya meza ya chakula, wakanitumia salamu niende kuviangalia. Kwenye miguu ya viwili kulikuwa na matundu madogo ya bungua, mdudu anayetoboa mbao, ya milimita moja na nusu hadi mbili. Niliangalia kingo za matundu, zilikuwa nyeusi na za zamani. Hapakuwa na unga. Nikasema: "Hawa walishaondoka. Chukueni." Viti vikaingia ndani siku hiyo hiyo.

Wiki ya sita, msimu wa joto ulipoanza, mtoto mkubwa alimwonyesha mama yake vichuguu vidogo vya unga mweupe chini ya kiti. Nilipofika niliusaga kidoleni. Ulikuwa unakwaruza kidogo kama mchanga laini, ambayo ndiyo alama ya bungua wa kawaida wa samani. Walikuwa hai.

Nilichosahau nakijua tangu ujana wangu kazini. Tundu ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia. Buu huishi ndani ya mbao miaka miwili, mitatu, hata mitano, akila kimyakimya, na tundu huonekana siku anayoondoka akiwa na mbawa. Matundu ya zamani yanakwambia waliowahi kuondoka. Hayasemi lolote kuhusu waliobaki. Nilipaswa kuvitenga viti vile chumba cha pembeni, vikiwa vimesimama juu ya karatasi nyeusi, mpaka msimu wa joto upite. Badala yake niliviruhusu vikae hatua tatu kutoka kwenye kabati nililolihangaikia kwa wiki kadhaa.

Tulivifunga vyote sita kwenye nailoni nzito, tukabana hewa na kuziba kwa utepe, tukaviingiza kwenye chumba cha baridi kali cha nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku nne. Siku tatu zinatosha kwa baridi hiyo; niliongeza moja. Mwenye friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri ahesabu wiki mbili. Kilicho muhimu na kinachosahaulika ni kutofungua nailoni mpaka kitu kirudie joto la chumba, siku nzima au zaidi, la sivyo umande hutua juu ya mbao na rangi yake ikaharibika. Gharama yote niliibeba mimi.

Vinne vilirudi mezani. Viwili miguu yake ilikuwa imebaki ganda. Nilipoibonyeza kwa bisibisi ilizama. Sikukubali mtu avikalie.

## Msasa

Jumapili moja mume, kwa nia njema kabisa, aliamua kuondoa duara jeupe lililoachwa na kikombe juu ya kabati. Alichukua msasa mkavu wa chembe kubwa. Bibi alipotoka chumbani alimkuta ameshafuta eneo la ukubwa wa kiganja. "Baba," alimwambia, "acha kwanza. Umeifuta." Aliacha pale pale.

Uso wa kabati ulikuwa umepakwa shelaki, utomvu unaotengenezwa na wadudu na kuyeyushwa kwenye spiriti. Nilikuwa nimelijua hilo kwa kugusa pamba yenye tone la spiriti mahali pa kujificha nyuma ya mguu, pakawa panata. Duara la kikombe kwenye shelaki mara nyingi ni unyevu tu ulionaswa ndani ya tabaka, na huondoka kwa kuparaza kitambaa chenye spiriti kidogo mno. Ni kazi ya dakika chache. Lakini msasa uliondoa shelaki yenyewe na chini yake ngozi ya mbao iliyobadilika rangi kwa hewa na mwanga wa miaka zaidi ya mia moja. Rangi ile haiuzwi dukani.

Niliwapa njia mbili. Ya kwanza, kupiga msasa uso wote ili ulingane. Ya pili, kutia rangi kidogo kidogo kwa tabaka nyembamba za shelaki pale palipofutwa, kumalizia kwa nta, na kukubali kuwa patabaki pakionekana. Walichagua ya pili, na niliwaunga mkono. Jua la alasiri likiingia dirishani, kiganja kile bado kinaonekana.

## Matokeo

Mwisho wa miezi 14 sebule ilikuwa na kabati moja la droo la kale, kochi lile lile la awali, na ukuta mtupu pande zote mbili za kabati. Kabati la televisheni waliloanza nalo walilihamishia chumba kingine, uamuzi wao wenyewe. Viti vinne vya kale vimechanganywa na viwili vya kisasa mezani. Nilikuwa na shaka na mchanganyiko huo, na nilikosea. Vinakaa vizuri kwa sababu kimo cha egemeo kinalingana.

Kabati tulilifunga ukutani kwa mikanda miwili, kupitia mbao ya fremu, si mbao za mgongo ambazo ni nyembamba. Mume hakutaka kulitoboa. Nilimwomba avute droo tatu kwa pamoja na kubonyeza ya chini kwa mkono, kama mtoto anayetaka kupanda. Lilipoinama mbele, alienda kuchukua keekee mwenyewe. Liko mbali na kipoza hewa na jua halilipigi moja kwa moja, kwani mbao haiteswi na ukavu au unyevu wenyewe kama inavyoteswa na kubadilishiwa ghafla. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, usiorukaruka, unaitosha.

## Nini kilifaa, nini kilishindikana

Nikiliangalia kabati la nguo sasa, tatizo lake halikuwa kitako. Hata lingekuwa zima tangu taji hadi miguu, lisingefaa chumba kile. Walinunua sura kabla ya kazi, na picha za mbele ni sura tupu. Mtu anayenunua bila kufika aombe picha za mgongo, za chini, na za droo moja ikiwa nje. Muuzaji anayesita kuzitoa ameshajibu. Hata hivyo najiuliza kama nilifanya haki kuwaachia miezi mitano ya kugonga kitanda. Pengine ningesema mapema zaidi.

Kilichofaa kuliko vyote ni ule mpangilio wa kazi, mahali, na njia ya kupita, kabla ya umri na uzuri. Uliwapa uhuru wa kuacha vitu 10. Mke aliniambia kwamba safari za mwanzo alikuwa akitoka kila duka na huzuni kama amemwacha mtu, lakini alipokuwa na kikaratasi cha vipimo kwenye pochi, kuacha kukawa rahisi.

Kuhusu umri, familia hii haikuumia kugundua kabati ni changa kwa miaka mia moja kuliko lilivyosifiwa. Walilipia kilichokuwepo. Kwa anayenunua ili akae nacho, mwaka kamili una uzito mdogo kuliko uaminifu wa kitu chenyewe: kwamba mbavu, droo na mgongo vimeishi pamoja tangu mwanzo. Kwa anayenunua ili auze, hesabu ni nyingine, na hiki si kisa chake.

Kosa la viti lilikuwa la mtaalamu kuamini macho yake pale ambapo muda ndio ungejibu. Tangu hapo hakuna kitu chenye tundu hata moja kinachovuka kizingiti cha mteja wangu bila kutengwa kwanza, hata mteja akinuna.

Na msasa. Nilimkabidhi mume kabati bila kumwambia uso wake umepakwa nini na unasafishwaje. Alitumia alichokijua. Siku hizi kila kitu ninachokikabidhi kina kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya droo ya juu: kimepakwa nini, kisafishwe na nini, nani aitwe.

Nilipita kwao mara ya mwisho wakati wa mvua. Mbao ilikuwa imevimba na droo ya tatu ilikuwa imegoma. Nilikuwa nimeshachuchumaa niangalie reli, mtoto mdogo akanisogeza kwa bega. Aliinua kishikio cha kulia kidogo, akasubiri, akavuta, na droo ikatoka.